Siku Niliyolipigia Jeneza Honi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mkono wangu wa kulia huwa mzito. Ndio mkono niliobonyezea honi. Nimeendesha magari miaka mingi katika pwani hii ya kusini, kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, na honi nimepiga nyingi: za ng'ombe, za mbuzi, za watalii wanaotembea katikati ya barabara wakishangaa minazi. Zote nimezisahau isipokuwa hiyo moja. Leo nataka nikusimulie, kwa sababu nimesikia umepata leseni na umepewa tuktuk pale Diani, na mama yako ameninong'oneza kuwa una hasira za karibu.

Usinune. Hata mimi nilikuwa nazo, tena zangu zilikuwa karibu zaidi ya zako.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina kofia mpya na miwani ya jua niliyoivaa hata kukiwa na mawingu. Nilikuwa dereva wa gari la wafanyakazi wa hoteli moja kubwa ya Diani. Kazi yangu ilikuwa kuwachukua watu wa zamu ya mchana kutoka Msambweni, kuwaokota wengine njiani mpaka Gazi, na kuwafikisha hotelini kabla ya saa nane na nusu. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Ukimaliza salama unapewa barua ya ajira, ukiharibu unarudi kwenu. Nilikuwa nimebakisha siku nne tu, lakini nilikuwa nimekwisha kuchelewa mara mbili. Mkuu wa magari, Bwana Mutua, mtu wa bara mwenye saa kubwa mkononi, alikuwa ameniambia mbele ya wenzangu, "Hamisi, ya tatu unaenda home. Sitaki story." Mama yangu na wadogo zangu watatu walikuwa wakiingoja barua ile kuliko mimi mwenyewe.

Basi asubuhi ya siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya mafuta pale Ukunda. Ghafla ikaja pikapu ya buluu, ubavu mmoja umebonyea, ikanipita, ikajipenyeza mbele yangu hadi penye pampu. Kioo chake cha pembeni kikagonga changu, changu kikapinda. Nikashuka. Nia yangu ilikuwa njema, wallahi. Nilimwendea dereva, mtu wa rika la kaka yangu mkubwa, nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Asalaam aleikum."

Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta. Hakujibu. Alitia mafuta yake, akapanda, akaondoka.

Wewe umezaliwa hapa hapa, huna haja ya kuelezwa. Kugongwa kioo ni jambo la kusameheka. Lakini utoe salamu mbele ya watu, salamu ya Mungu, halafu uachwe umesimama nayo mdomoni? Yule kijana wa pampu akanimaliza kabisa. "Hamisi, leo umeamkia nguzo!" Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikarudi garini masikio yakiwaka moto.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, mwanangu, wala si Gazi nilikopigia honi. Gazi lilitokeza tu. Kuanzia saa tatu ile nilikuwa nikiendesha gari kwa mikono miwili huku kichwani nikimjibu yule mtu wa pikapu. Nilimtungia maneno makali, nikayarekebisha, nikayatunga upya. Nilipofika Msambweni nilimfokea mama muuza mahamri kwa kosa ambalo mpaka leo silijui. Safari ya mchana ilipoanza nilimpita Salimu, mpishi wetu, amesimama kando ya barabara ndani ya nguo zake nyeupe, mkono juu, akinipungia. Sikumwona. Ilibidi abiria wapige kelele, nikarudi kinyumenyume, na pale dakika zikapotea. Basi ukawa mchezo wa kipumbavu: hasira zinanichelewesha, kuchelewa kunanizidisha hasira.

Gazi akapanda Bi. Mwanamisi. Huyu alikuwa mama wa makamo, mpiga pasi wa hoteli, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Vitambaa vyote vya meza za wageni vilipita mikononi mwake. Kiti cha mbele kando yangu kilikuwa chake, hakuna aliyethubutu kukikalia. Siku hiyo alipanda amejitanda leso, ananukia udi, na macho yake mekundu. Kwa kawaida nilikuwa wa kwanza kumwambia shikamoo. Siku hiyo sikumwamkia. Aliniambia maneno fulani, nami nikasema, "Mm." Akaniambia tena, nikasema, "Mm." Alichokuwa akiniambia nilikuja kukijua baadaye: kwamba jirani yake mzee amefariki alfajiri, kwamba yeye ametoka msibani sasa hivi, na kwamba maziko tutayakuta njiani, kwa hivyo niende pole pole. Aliniambia mara mbili, nami nilimwitikia mara mbili bila kusikia hata neno moja.

Hatukwenda mbali. Mbele yetu barabara ilijaa watu kutoka ukingo hadi ukingo. Nilichoona mimi ni migongo iliyonizuia. Saa ilikuwa saba na nusu na zaidi. Nikabonyeza honi. Nikabonyeza tena, ndefu.

Ndipo nikaliona jeneza, juu ya mabega, limefunikwa kitambaa cha kijani.

Mwanangu, laiti wangenitukana! Laiti mmoja wao angelipiga gari teke. Hakuna aliyefanya hivyo. Sauti za "Laa ilaaha illallah" zilikatika kidogo, kisha watu wakaanza kusogea, wakaingia kwenye majani na mchanga wa kando ili mimi nipite. Mmoja wa wachukuzi alikanyaga vibaya, jeneza likainama upande, mikono mingi ikalidaka. Nami, badala ya kuzima gari, nikapita. Ndiyo, nikapita. Mguu ulikuwa umeshakanyaga mafuta na aibu ilikuwa bado haijafika kichwani.

"Simamisha," akasema Salimu kutoka nyuma. Hakupaza sauti.

Nikasimamisha. Salimu akateremka, na wanaume wote wakamfuata, saba kwa jumla, wapishi na wahudumu na mlinzi mmoja, na nguo zao za kazi. Walirudi nyuma kwa miguu kwenda kusindikiza maiti. Unajua desturi yetu: ukikutana na jeneza, hata kama humjui marehemu, unashuka, unatia bega lako hatua chache, kisha unampokeza mwingine. Nao walijua fika kwamba watachelewa kazini. Hakuna hata mmoja aliyenitazama alipokuwa akishuka.

Nikabaki na wanawake wanne, maana wanawake kwetu hawaendi makaburini. Leso zao walikuwa wamezishusha usoni. Nami, kwa akili yangu ya siku hiyo, nikapiga hesabu ya dakika. Nikaona bado ninaweza kuwahi. Nikatia gia.

"Wenda wapi?" akaniuliza Bi. Mwanamisi.

"Kazini, bi. Nikichelewa leo nimefukuzwa."

"Wampeleka nani?"

Nikatazama kwenye kioo cha ndani. Viti vya wanaume vyote vilikuwa vitupu.

"Zima gari, mwanangu," akasema. Nikazima. Kisha akaniuliza kama daktari anavyouliza panapouma, "Ni nani aliyekuudhi leo? Maana si hawa. Hawa umewakuta njiani."

Nikamweleza. Maneno yalinitoka kwa kasi, pampu, kioo, salamu, kicheko. Nilitaraji aseme, "Masikini, pole." Aliniuliza swali moja tu.

"Hiyo pikapu ilikuwa ya buluu? Ubavu umebonyea?"

"Ndiyo, bi. Waijua?"

"Ni ya Athumani. Alikwenda Ukunda asubuhi kununua sanda ya babake." Akaelekeza kidole nyuma, bila kugeuka. "Babake ndiye yule uliyempigia honi."

Sijui nikuelezeje. Nilihisi baridi kutoka kisogoni mpaka miguuni, saa nane kasorobo, jua la kupasua kichwa. Nilimwona tena yule mtu pale penye pampu, yale macho yaliyonitazama yasinione, na safari hii nikayaelewa.

Bi. Mwanamisi hakunikaripia, na hapo ndipo aliponikaripia kuliko wote. Alisema, "Mimi kazi yangu ni pasi. Pasi ikishika moto kupita kiasi siiweki kwenye kitambaa cha mgeni. Naisimamisha kando, nachukua tambara, naijaribu pale kwanza. Ikiunguza, imeunguza tambara. Wewe tangu asubuhi una pasi ya moto mkononi, na kila aliyepita mbele yako umembandika nayo. Sisi pia umetubandika. Shikamoo yangu ya leo iko wapi?"

"Shikamoo, bi," nikasema.

"Marahaba. Haya, shuka ukatie bega lako. Sisi tutangoja hapa."

"Na kazi, bi?"

"Kazi utaikuta au hutaikuta. Maiti hutaikuta."

Nikavua miwani, nikaiacha juu ya dashibodi. Nikashuka. Ile njia ya kurudi nyuma haikufika mita mia mbili, lakini sijapata kutembea njia ndefu kama ile. Niliwaona wakinijia, nikatamani nigeuke mti. Nilijua wamenijua, maana kofia ya hoteli ilikuwa kichwani na gari langu limesimama pale mbele. Nikasimama kando, nikainamisha kichwa. Jeneza likapita. Nikajiunga nyuma kabisa, nikajipenyeza pole pole, mpaka nikafika karibu na mguu wa nyuma wa kushoto.

Mzee mmoja aliyekuwa ameushika alinitazama. Nilisubiri neno lake. Alisogea tu, akaniachia nafasi, na uzito ukanikalia begani.

Nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Uzito ule ulikuwa wa mtu, tena mtu mzima. Lakini mimi nilihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kifua kilifunguka, nikavuta pumzi nzima, pumzi mpaka tumboni. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Tulikwenda mpaka makaburini. Nilimwona Athumani akishuka kaburini kumpokea babake. Nilitia konzi tatu za mchanga pamoja na wengine, nikamwombea marehemu, na nikamwomba radhi moyoni kwa jina nililolisikia kwa mara ya kwanza pale pale. Kisha Salimu akanigusa bega. "Twende, dereva," akasema. Aliniita dereva, nami nikamshukuru Mungu kwa neno hilo.

Tulifika hotelini saa tisa na dakika kumi. Njiani mmoja wa wahudumu alisema tudai tulipata pancha, wote tungeapa. Nilimtazama Bi. Mwanamisi kwa pembe ya jicho. Alikuwa akitazama nje ya dirisha kama hayumo. Nikaelewa kuwa hilo ananiachia mwenyewe.

Bwana Mutua alikuwa amesimama langoni na ile saa yake. "Hamisi! Hii ni nini? Guests wako restaurant, na waiters wako barabarani! Nilikwambia ya tatu unaenda wapi?"

"Home, bosi."

"So? Story ni gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilikuwa na hasira za mtu mwingine, kwamba nililipigia jeneza honi, kwamba wafanyakazi walishuka kwa haki yao, na kwamba wakikatwa mshahara nikatwe mimi. Nilikuwa nikiwaza nitamwambia nini mama.

Bwana Mutua akamgeukia Salimu. "Ni ukweli?"

"Ni kweli, bosi," akasema Salimu. "Lakini alirudi."

Bwana Mutua alinitazama kuanzia viatu. Suruali yangu ilikuwa na mchanga mwekundu magotini. Alitazama ule mchanga kwa muda, kisha akatazama saa yake, kisha akasema kwa sauti ile ile ya ukali, "Enda unawe. Saa kumi kuna guests wa kupeleka Likoni. Na hicho kioo unyooshe."

Nilisimama pale nimeduwaa mpaka Bi. Mwanamisi aliponipita akanisukuma kwa kiwiko. "Si umeambiwa ukanawe?" Nikaenda kunawa. Niliufunga mlango wa maliwato nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, huku maji yakimwagika mpaka kwenye soksi.

Ijumaa nikapewa bahasha yenye karatasi mbili. Moja ya kuniajiri, moja ya kunionya. Ya kuniajiri sijui ilipotelea wapi. Ile ya onyo ninayo mpaka leo, ukija nitakuonyesha.

Lakini sikuwa nimemaliza, maana Athumani nilikuwa bado sijamwona uso kwa uso. Nilikwenda hitimani, kulikuwa na watu wengi, nikakosa ujasiri. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ile ile ya mafuta, na kwenye kioo changu kilichonyooshwa nikaiona pikapu ya buluu ikisimama nyuma yangu. Mlango ukafunguka. Akawa anakuja.

Akafika dirishani, akaweka mkono juu ya mlango wangu. Alikuwa amekonda. Akasema, "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh."

Nilimtazama nisielewe.

"Ile siku ulinitolea salamu," akasema. "Nilikusikia. Ulimi ndio haukuinuka. Nimekuwa nikikutafuta nikujibu."

Nikashuka garini. Nikamwambia, "Kaka Athumani, ile honi..."

"Naijua," akanikatiza. "Nami nilikuona ukitia bega."

Tukapeana mikono, kisha tukakumbatiana, katikati ya foleni, mpaka yule kijana wa pampu akapiga kelele tusogeze magari. Safari hii hakucheka mtu. Nami niliondoka pale nikihisi kama mgonjwa aliyeamka asubuhi akakuta homa imekwisha.

Sasa nikwambie ninachotaka ukishike. Sikwambii usikasirike. Juzi tu kijana wa tuktuk amenichomekea pale njia panda ya Diani, na nikamwita jina ambalo mtu wa umri wangu hafai kulijua. Hasira zitakuja, kazi ya barabara inazo tele, jua linazo, abiria wanazo. Ninachokwambia ni kwamba uzijue zinapokuja, na uzijue ni za nani. Jiulize kama alivyoniuliza Bi. Mwanamisi: ni nani aliyekuudhi? Kama hayumo ndani ya tuktuk yako, basi abiria wako hana deni nazo. Simama kando. Mimi niliifanya desturi, kila nikiudhika nilishuka nikafuta kile kioo cha pembeni kwa kitambaa, taratibu, mpaka pumzi zirudi. Wenzangu walinicheka kwamba nina vioo safi kuliko vya gavana. Wacheke. Miaka niliyoendesha gari lile baadaye, sikumpita tena mtu kituoni, na Bwana Mutua alifikia hatua ya kuniletea madereva wapya niwafunze. Mikono ya dereva mwenye moyo uliotulia husikia gari, macho yake huona, na masikio yake husikia anapoambiwa kuna maziko mbele.

Tena sikwambii kila anayekukosea ana maiti nyumbani. Wengine ni watovu wa adabu tu, na Diani wamejaa. Lakini wewe hujui yupi ni yupi, kwa hivyo wape wote ile dakika moja ambayo mimi sikumpa Athumani. Na ukikosea, maana utakosea, zima gari, rudi kwa miguu, utie bega. Usiende mbele na viti vitupu ukidhani umewahi. Ukiulizwa, sema ukweli, hata kama barua ya kazi iko mezani. Utatetemeka kidogo, kisha utalala usingizi.

Bi. Mwanamisi alitangulia zamani, Mungu amrehemu na alinyooshe kaburi lake kama alivyonyoosha vitambaa vya watu. Nami nakuombea wewe, mwanangu. Mungu akupe macho mepesi na mkono wa taratibu. Akulindie magurudumu yako, akufungulie riziki yako, na kila unayempakia umfikishe akiwa salama na wewe ukiwa salama. Mama yako asikie mlio wa tuktuk yako kila jioni, moyo wake utulie.

Haya, nenda kazini, usije ukachelewa kwa ajili ya maneno ya mzee. Asalaam aleikum. Na kama sasa hivi huna nafasi ya kunijibu, si neno, nitangoja.